Mwenye gari akae kwenye pedali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya magari, aliyewaambia wasomaji kwamba breki haziguswi nyumbani hata kidogo, kazi hiyo ni ya gereji peke yake. Nia yake ni njema, na yapo magari ambayo nakubaliana naye moja kwa moja; nitayataja. Lakini ushauri ule unawaacha wenye magari wengi palepale walipo: wanaendesha kila siku bila kujua ndani ya mabomba ya breki mna nini, na ukiwauliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, wanakujibu, "Fundi huwa anaangalia." Mara nyingi anachofanya fundi huyo ni kuongeza. Kopo la mafuta ya breki likipungua anamimina, anafunika, anashusha boneti.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na binti wa fundi wa magari. Tangu miguu yangu ilipoanza kufika kwenye pedali, kazi yangu ilikuwa kukanyaga breki wakati baba yuko upande wa gurudumu na spana. Siku hizi spana ninayo mimi na anayekanyaga ni mwanangu. Ninayoyaandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nayasema bila kusitasita: kutoa upepo kwenye breki za gari dogo la kawaida ni kazi ambayo watu wawili makini wanaweza kuifanya nyumbani. Na hata asiyetaka kushika spana, akae basi kwenye pedali siku fundi anapoifanya. Pale kwenye pedali ndipo mtu anapojifunza mguu wake unasukuma nini.

Unasukuma mafuta. Ukikanyaga, pistoni ya masta silinda, ile silinda kuu iliyoungana na pedali, inayasukuma mafuta kwenye mabomba, na kwa kuwa kimiminika karibu hakibonyei kabisa, msukumo ule unafika kwenye magurudumu yote manne papo hapo. Ndiyo kanuni ya Pascal tunayowafundisha watoto ubaoni. Upepo ni kinyume chake, wenyewe unabonyea. Kipovu kikiwa ndani ya bomba, sehemu ya mwendo wa pedali inaishia kukibana kipovu badala ya kuzibana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Dereva anaona pedali imekuwa laini, kama anakanyaga mto wa kulalia, na akipampu mara mbili tatu inapanda kidogo. Wengi huizoea hali hiyo. Wanajifunza kupampu, wanamwambia na mwenzao anayeazima gari, "Hii unaipampu kwanza." Naomba mtu yeyote mwenye gari la namna hiyo alisimamishe leo.

Upepo huingia kwa njia zinazoeleweka: bomba au hosi imefunguliwa wakati wa kubadilisha kalipa (kile kishikio kinachozibana pedi), sili, yaani mpira wa kuzibia, imevuja, au kopo liliachwa likapungua mpaka masta ikavuta hewa. Lakini kuna upepo mwingine unaozaliwa humo humo ndani, na huu ndio unaonifanya niandike barua ndefu.

Mafuta ya breki tunayotumia wengi, yaani ya madaraja yanayoandikwa kwenye chupa DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hunyonya unyevu. Hunyonya kupitia kwenye hosi za mpira, kupitia kwenye mfuniko wa kopo, na kwa kasi zaidi kwenye chupa iliyofunguliwa ikasahauliwa stoo. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa mfikirie dereva anayeteremka mlima mrefu, gari limejaa, mguu haubanduki kwenye breki. Diski inapata moto, pedi inapata moto, kalipa inapata moto, na joto linaingia kwenye mafuta yaliyo nyuma ya pistoni. Maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mvuke ni gesi, na gesi inabonyea. Pedali iliyokuwa imara juu kabisa ya mlima inazama mpaka sakafuni kabla ya kona ya mwisho.

Gari likisimama, kwa bahati au kwa kugonga kitu, breki zinapoa. Mvuke unarudi kuwa kimiminika. Mkaguzi akija baadaye akakanyaga, pedali iko juu, hakuna bomba lililopasuka, hakuna tone chini. Magazeti yanaandika "breki zilifeli" na habari inaishia hapo, kana kwamba breki zina hiari yake. Mhariri, siyasemi haya kukulaumu. Nasema kwamba mafuta yaliyozeeka hayaachi alama ambayo jicho litaiona baada ya tukio, ndiyo maana inabidi yatolewe kabla. Watengenezaji wengi wa magari wanaelekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari limetembea kidogo, kwa kuwa unyevu hauhesabu kilomita.

Sasa kazi yenyewe. Gari liwe mahali pa sawa penye sakafu ngumu, injini imezimwa, kabari zimewekwa kwenye magurudumu yanayobaki chini, na uzito umekaa juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia. Mtu asiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kabla ya kutoa tone moja la mafuta, jaribu nipeli zote nne. Nipeli ni kile kiskrubu kidogo chenye tundu na kofia ya mpira, kilicho mgongoni mwa kalipa au nyuma ya bamba la dramu, kwa breki zisizo na diski. Tumia spana ya ringi inayokaa sawasawa, kwa kawaida namba 8, 10 au 11. Spana ya mdomo wazi huila ile nati ikawa duara, na hapo kazi ya asubuhi inakuwa kazi ya wiki. Nipeli iliyoshika kutu ipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu, iachwe, igongwegongwe taratibu, ijaribiwe tena. Ikigoma, acha. Ni kitu chembamba chenye tundu katikati, kikikatikia ndani utahitaji kalipa nyingine. Nasisitiza kuzijaribu kwanza kwa sababu watu huanza na gurudumu moja, wakifika la tatu nipeli haifunguki, na gari limekwama juu ya stendi likiwa na nusu ya mafuta mapya.

Futa mfuniko wa kopo kabla ya kuufungua, mchanga usiingie. Mafuta ya zamani yaliyo kwenye kopo yavute kwa bomba la sindano kubwa, yasivutwe kwa mdomo kwa namna yoyote ile, ni sumu. Usilikaushe kopo mpaka matundu ya chini yakaonekana. Jaza mapya kutoka kwenye chupa uliyoivunja lakiri siku hiyo hiyo, ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo au kwenye kitabu cha gari. Lita 1 hutosha gari dogo kwa kubadilisha yote.

Kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, unamalizia na la karibu. Lakini magari mengi ya sasa mabomba yake yamepangwa kimshazari: gurudumu la nyuma la upande mmoja liko njia moja na la mbele la upande wa pili, ili njia moja ikipasuka gari lisikose breki zote. Kwa hayo kitabu kinaweza kutaka mpangilio wa peke yake. Fuata kitabu, hata kama fundi wa jirani anakuambia vingine.

Chomeka mrija mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipeli, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo. Hapo ndipo sauti zinaanza. Wa chini anasema, "Kanyaga." Wa juu anakanyaga polepole, anashikilia, anajibu, "Nimeshikilia." Wa chini anafungua nipeli kama robo mzunguko, mafuta yanatoka, pedali inashuka, na aliye juu hainui mguu. Wa chini anafunga, ndipo anasema, "Achia." Baba alikuwa mkali kwa jambo moja: aliye kwenye pedali hajibu kwa kichwa, anajibu kwa mdomo, maana aliye chini hamwoni. Mguu ukiinuliwa nipeli ikiwa wazi, masta inavuta hewa kupitia tundu lile lile mlilokuwa mkitolea upepo, na mnaanza upya. Mwanangu ana tabia ya kurudia neno zima, "Nimeachia, mama," na sijawahi kumkataza.

Msikanyage kwa pupa. Kupampu haraka huvivunja vipovu vikubwa kuwa vidogo vidogo vinavyoelea katika mafuta na kukataa kutoka. Subirini sekunde chache kati ya mkanyago na mkanyago. Kalipa igongwe kidogo kwa mpini wa bisibisi, vipovu vilivyonata ukutani vitapanda. Kwenye mrija utaona kwanza mafuta ya hudhurungi, pengine na vichembe vyeusi vya raba, kisha vipovu, kisha mafuta yenye rangi nyepesi kama ya chupani. Kila baada ya mikanyago michache, mmoja aangalie kopo. Likikauka, hewa itaingia kutoka juu na itabidi iondolewe kutoka masta hadi gurudumuni.

Jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau: kwenye gari la zamani, pedali isifikishwe sakafuni. Katika kuendesha kwa kawaida, pistoni ya masta hutembea sehemu fupi tu ya silinda. Sehemu ya mbele zaidi haiguswi miaka na miaka, nayo hukusanya kutu na uchafu. Mguu ukisukuma mpaka mwisho, sili zinapita juu ya ule ukwaru na kuchanika, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inaanza kuzama jioni. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Kwetu ubao huo unakaa kwenye sanduku la spana pamoja na jeki.

Kama huna msaidizi, kuna mrija wenye vali ya njia moja, na kuna njia ya polepole ya kufungua nipeli na kuacha mafuta yadondoke kwa uzito wake huku ukijaza kopo. Zote zinafaa. Ukitumia pampu ya kuvuta, usihangaike na kila kipovu unachokiona. Hewa hupenya pia kwenye nyuzi za nipeli iliyolegezwa, na hiyo haitoki ndani ya breki.

Likiwepo gari ambalo upepo hautoki hata mkifanya nini, tazama nipeli iko wapi kwenye kalipa. Gari la jirani yetu lilitoka gereji likiwa na breki laini, likarudishwa, likatoka tena vilevile. Kalipa ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia na ya kulia kushoto, nipeli zikatazama chini. Upepo hupanda juu. Ulikuwa umejikalia kichwani mwa kalipa na kila mara mafundi walikuwa wakitoa mafuta safi kutoka chini yake. Kuzibadilishana tu kulimaliza tatizo.

Sasa kuhusu kuongeza vitu vingine. Kuna watu, wakiwemo wanaoitwa mafundi, ambao mafuta ya breki yakipungua wanamimina oili ya injini, au ya stelingi, au ya giaboksi. Wengine hutia maji. Mhariri, hapa naomba neno langu lichapwe bila kupunguzwa. Sili za breki za gari la kawaida zimetengenezwa kwa raba inayovumilia mafuta ya DOT. Oili yoyote inayotokana na mafuta ghafi ya ardhini huifanya ivimbe na kulainika. Raba ikivimba ndani ya masta huziba kitundu cha kurudishia mafuta, breki zinajishika zenyewe, magurudumu yanapata moto, na baadaye sili zinakatika na hakuna breki tena. Kuyatoa mafuta yale na kutia mazuri hakutoshi. Masta, sili za kalipa, hosi, vyote vinavyogusana na mafuta vyenye raba ndani yake vinabadilishwa, na mabomba yanasafishwa. Anayemimina oili kwenye kopo la breki amehatarisha watu wasiomjua. Na maji yanachemka mapema na kula vyuma kwa ndani.

Muuzaji naye asikubabaishe kwa namba. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine. DOT 5.1 ni ya jamii ya DOT 3 na DOT 4, ingawa jina lake linaifanya ionekane ndugu wa DOT 5. Ukishindwa kujua chupa ina nini, usiinunue.

Niseme na yale ninayokubaliana na mwandishi wenu. Magari ya haibridi, yanayotumia injini na umeme pamoja, na mengi ya umeme, yana breki zinazoongozwa na kompyuta na mengine huhifadhi shinikizo kubwa hata yakiwa yamezimwa. Hayo yapelekwe kwa mwenye kifaa chake. Breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, unaweza kuzitoa upepo kwa njia hii ya kawaida ikiwa kopo halikuwahi kukauka, ila hewa ikishaingia kwenye bloku ya vali, mara nyingi inahitaji kompyuta ya kuzichezesha vali na pampu. Handibreki ya umeme kwenye kalipa za nyuma nayo ina utaratibu wake. Na dalili nyingine hazihusu upepo kabisa. Pedali inayozama polepole huku umeishikilia, na hakuna kinachovuja nje, ni masta inayovuja kwa ndani. Upande wa ndani wa tairi uliolowa ni silinda au hosi. Bomba lililoliwa na kutu linabadilishwa, halipakwi rangi. Dramu ambazo hazijarekebishwa hufanya pedali ishuke sana kabla ya kushika, lakini ikishashika inakuwa ngumu; mwenye gari hilo anaweza kutoa upepo mpaka usiku na asipate nafuu.

Mkimaliza, nipeli zifungwe kwa kiasi, kofia za mpira zirudi, na mafuta yaliyomwagika yaoshwe kwa maji mengi mara moja maana hula rangi ya gari. Yakiingia jichoni, vivyo hivyo, maji mengi na hospitali. Yakilowesha pedi, pedi hizo zitupwe. Mafuta ya zamani yawekwe kwenye chombo kilichoandikwa, wala yasiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto ataiokota, wala yasimwagwe mtaroni. Yapelekwe wanakopokea oili chafu.

Kisha jaribio, na hili halirukwi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka msaada wa busta, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, uishe. Pedali iwe juu na ngumu. Endelea kuishikilia na uwashe injini. Itashuka kidogo kisha itulie, hiyo ndiyo busta inafanya kazi. Ishikilie dakika nzima. Isizame. Mwenzako wakati huo apite na tochi kwenye kila nipeli kutafuta unyevu. Magurudumu yakisharudishwa na nati kukazwa, tembeza gari mwendo wa mtu anayetembea mahali pa wazi, mkono uko kwenye handibreki, usimame mara nyingi. Pedali ikiwa na ulaini wowote, gari haliendi barabarani. Rudini kwenye nipeli, au mwite fundi, na ukae wewe kwenye pedali.

Naomba safu yenu irudi kwenye mada hii. Mwandishi wenu awaeleze wenye haibridi, ambao idadi yao inaongezeka na ambao mimi sina la kuwafundisha, waulize nini gereji kabla ya kukabidhi ufunguo. Nanyi mnapopata taarifa ya gari lililoteremka mlima na kukosa breki, mwandishi wa habari amuulize mwenye gari swali moja la nyongeza: mafuta ya breki yalibadilishwa lini mara ya mwisho, na nani aliona yakitoka?

Wako,
Mwalimu wa fizikia, binti wa fundi